Kujenga Furukombe Anayevaliwa

Furukombe, tai mla samaki, akilia hurusha kichwa nyuma mpaka kisogo kikaribie mgongo. Aliyekaa kando ya Ziwa Victoria, Naivasha au kwenye kingo za Rufiji anaukumbuka mwendo ule kabla hajakumbuka rangi ya manyoya. Ndiyo maana vazi la furukombe hatulianzi na mdomo uliochongwa vizuri wala macho yanayong'aa. Tunaanza kwa kuuliza ndege huyu anajulikana kwa mwendo gani. Majibu ni matatu: kichwa kinachorudi nyuma, mdomo unaofunguka, mabawa yanayotanuka. Mkia unaotikisika, macho yanayopepesa na kucha zinazokunja huvutia kwenye karatasi, lakini mvaaji ana mikono miwili tu, na kila mwendo wa ziada unadai kamba yake, roda yake (kigurudumu cha kupitishia kamba), uzito wake na mahali pake pa kuharibikia.

Furukombe jike halisi akitanua mabawa hufika mita 2.4 hivi. Vazi tunaloeleza hapa lina mita 4.4 kutoka ncha hadi ncha, linavaliwa na mtu mmoja, na kilele cha kichwa kiko mita 2.3 juu ya ardhi. Ukubwa huo unatosha kwa gwaride la barabarani au uwanja wa shule. Ukizidisha hapo, unahitaji mtu wa pili ndani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mtu kwanza

Mvaaji wa kilo 65 hadi 70 tunampa mzigo usiozidi kilo 12. Wapo wanaobeba zaidi, lakini kubeba na kuigiza ni mambo mawili. Aliyeelemewa huinamisha kichwa, huvuta hatua, na ndege anaonekana mgonjwa. Kabla ya kukata bomba hata moja, mfunge mvaaji mfuko wa mchanga wa kilo 12 kwenye fremu ya mgongoni, atembee nusu saa, apande ngazi, ageuke ghafla. Akilalamika siku hiyo, punguza mpango wakati bado ni karatasi.

Mgawo wetu wa uzito ni huu: fremu na mkanda wa kiunoni kilo 2.8, mabawa mawili kilo 3, roda, kamba na mpira kilo 0.7, kichwa na shingo kilo 1.6, ngozi ya kiwiliwili na mkia kilo 2.4, miguu kilo 1, feni na betri kilo 0.5. Kila kipande kinapimwa kwenye mizani ya jikoni kikimalizika, na namba inaandikwa ukutani. Vazi halizidi uzito kwa kosa moja kubwa. Linazidi kwa gramu 80 za gundi hapa, gramu 150 za rangi pale, na tabaka la sponji lililoongezwa usiku wa mwisho ili tumbo lionekane nono.

Fremu bora kuliko zote ni ile ya alumini ya mabegi ya wapanda milima, ambayo hupatikana kwenye mitumba. Ukikosa, kunja bomba la alumini la milimita 20 kwa umbo la herufi U iliyogeuzwa na uifunge mbao mbili za kukingamiza. Mkanda wa kiunoni ndio moyo wa fremu: upana wa sentimita 8 hadi 10, uliojazwa sponji ngumu, unaokaa juu ya mifupa ya nyonga. Ukiufunga sawasawa, kidole kinapita kwa urahisi chini ya mikanda ya mabegani. Kama hakipiti, mabega yanabeba mzigo, na baada ya dakika 15 mikono itakufa ganzi wakati ndiyo inayoendesha mabawa.

Boksi kabla ya bomba

Mchoro wa bawa hudanganya. Mistari hukutana kwenye karatasi bila kugongana, lakini mabomba yana unene na bolti zina vichwa. Kata bawa zima kwa kadibodi kwa kipimo cha moja kwa tano, viungo vyote ukivishika kwa pini, kisha lifungue na kulifunga mara hamsini. Siku mbili za kuchezea boksi huokoa wiki mbili za kutoboa alumini.

Bawa lina sehemu tatu, kama la ndege mwenyewe: mkono wa juu sentimita 45, mkono wa kati sentimita 60, mkono wa nje sentimita 100. Likikunjwa huwa kama herufi Z: wa juu unashuka, wa kati unapanda ukielekea nje, wa nje unashuka tena. Bawaba ya bega ikiwa mita 1.35 juu ya ardhi, ncha ya bawa lililokunjwa inabaki sentimita 30 hivi kutoka chini, na upana wa vazi zima ni kama sentimita 120. Mlango wa kawaida wa chumba haupitiki kwa kukabili. Mvaaji anapita ubavu, na njia yote aipitie kwanza bila vazi akiwa ameshika fimbo ya sentimita 120 mbele ya kifua.

Kamba moja haiwezi kuvuta viungo vitatu kwa mpangilio, ila ukivifunga viungo hivyo viendeshane. Hapa inaingia fimbo inayokatiza. Upande mmoja imeshikwa kwenye fremu, sentimita 6.5 kutoka bawaba ya bega. Inakatiza mkono wa juu kwa mshazari na kushika mkono wa kati upande wa pili, sentimita 5 kutoka bawaba ya kiwiko. Mkono wa juu ukiinuka digrii 90, fimbo inaulazimisha mkono wa kati ufunguke digrii 130 hivi. Fimbo ya pili, kwa mtindo uleule, inatoka mkono wa juu kwenda mkono wa nje. Ukiinua bega, bawa lote linajikunjua lenyewe mpaka nchani, na watazamaji huvuta pumzi.

Mambo mawili huharibu mpango huu. La kwanza, fimbo ikifika mahali ikalala sambamba na mfupa wake, kiungo hufa: hakijui kiende mbele au kirudi nyuma, na bawa hukwama au kukunjika upande usiotakiwa. Kadibodi itakuonyesha mahali hapo, nawe utaweka kizuizi cha mpira kabla fimbo haijapafika. La pili ni ulegevu. Uwazi wa milimita 1 kwenye tundu lililo sentimita 3 kutoka bawaba huwa milimita 33 kwenye ncha iliyo mita moja mbali. Tundu hilohilo likiwa sentimita 5 kutoka bawaba, ncha inacheza milimita 20. Ndiyo sababu hatuweki mashiko karibu na bawaba kwa tamaa ya kuokoa nafasi, na ndiyo sababu matundu tunayatoboa kwa drili ya milimita 5.5 kisha tunayasugua kwa tupa ya mviringo hadi bolti ya milimita 6 iingie kwa kusukumwa na kidole gumba.

Kiungo cha bega

Tukiulizwa ni wapi mavazi mengi ya mabawa hufia, jibu ni bega. Mjenzi hutoboa ubao mmoja wa plaiwudi, anapitisha bolti, anafunga nati, na mezani bawa linazunguka vizuri. Mvaaji anapotembea, kila hatua inalitikisa bawa mbele na nyuma, na bolti iliyoshikwa na ubao mmoja inakuwa kama jino bovu. Baada ya nusu saa tundu limekuwa umbo la yai na bawa limelala mbele ya uso.

Weka mbao mbili za plaiwudi ya milimita 9, zikiwa mbali sentimita 6, na bolti ya milimita 10 ipite zote mbili. Ndani ya kila tundu tia bomba fupi la nailoni au shaba ili chuma kisilale juu ya mbao. Kila upande wa mkono weka washa pana ya plastiki, hata iliyokatwa kwenye ubao wa jikoni wa kukatia mboga, ambao plastiki yake huteleza vizuri. Nati ziwe zile zenye pete ya nailoni ndani, zisizojifungua kwa mtikisiko. Kaza mpaka mkono usiyumbe, kisha legeza robo mzunguko.

Mifupa yenyewe, wa juu na wa kati, ni bomba la alumini la kipenyo cha milimita 16 na unene wa ukuta wa milimita 1.2. Mita moja ina gramu 150. Bomba la plastiki la nyaya za umeme ni rahisi na jepesi, lakini jua la saa sita hulilegeza na bawa linaning'inia kama jani la mgomba. Kwa mkono wa nje tunapenda mwanzi uliokauka wa unene wa kidole: una unyumbukaji ambao chuma hakina, na ncha ya bawa inapaswa kunyumbuka. Tatizo lake ni kupasuka kwenye tundu. Zungusha uzi wa kushonea viatu pande zote mbili za tundu, sentimita 3 kila upande, uloweshe kwa gundi ya epoksi, acha ikauke usiku mzima, ndipo utoboe. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji hujenga wanyama wakubwa wa kusuka kwa ajili ya Gule Wamkulu, ngoma yao ya vinyago, wakubwa kuliko mtu, wakabebwa kwa ndani na kuchezeshwa. Anayetaka kujua mwanzi na fito zinaweza nini aanze kwa kutazama kazi ile. Wanafunga, hawatoboi, na kiunzi kilichofungwa hutoa kidogo pale kilichotobolewa kinapovunjika.

Kuinua bila kuchoka

Bawa la kilo 1.5 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 80 kutoka bega, likiwa limenyooka, linahitaji kamba iliyo sentimita 12 kutoka bawaba kuvutwa kwa nguvu ya kilo 10. Mabawa mawili ni kilo 20. Hakuna anayefanya hivyo mara arobaini kwenye gwaride.

Kwanza tunapunguza mzigo kwa mpira. Kipande cha tyubu ya pikipiki, upana wa sentimita 4, kinafungwa kutoka juu ya fremu hadi mkono wa juu na kuvuta bawa kwenda juu. Lakini mpira huvuta zaidi unapokuwa umenyooshwa zaidi, yaani bawa likiwa limekunjwa, wakati ambapo msaada hauhitajiki. Ukiufunga ovyo, bawa litafumuka lenyewe katikati ya umati. Ufunge ili bawa likikunjwa mstari wa mpira upite karibu kabisa na bawaba ya bega, sentimita 1 au 2 tu. Hapo unavuta kwa nguvu lakini hauzungushi kitu. Mkono ukianza kupanda, mpira unaondoka kwenye bawaba na kupata mahali pa kushikia. Mpira ubebe sehemu sita kwa kumi ya uzito, usibebe wote, kwa maana uzito uliobaki ndio unaolifunga bawa kamba ikilegezwa.

Kisha kamba. Mwisho wa mkono wa juu, kwenye bega, tunafunga robo ya gurudumu la plaiwudi lenye nusu kipenyo cha sentimita 12 na mfereji ukingoni, ili mvuto uwe uleule bawa likiwa chini au juu. Bawa likizunguka digrii 90, kamba inatembea sentimita 19. Kamba hiyo inashuka kando ya uti wa mgongo na kuishia kwenye roda inayotembea. Kamba ya pili imefungwa chini ya fremu, inapanda na kuzunguka roda hiyo, inashuka hadi roda ya kiunoni, inapanda tena hadi bega la kulia, halafu inashuka mkononi. Waliozoea majahazi watamtambua ndugu wa henza, kamba ya kupandishia tanga, hapa: unavuta mara mbili ya urefu, sentimita 38, kwa nusu ya nguvu. Kilo 10 zimekuwa 4 kwa mpira, zimekuwa 2 kwa roda. Mabawa mawili kilo 4, na msuguano unaongeza kama kilo moja. Roda ziwe na beringi. Isiyo na beringi hula kama sehemu ya kumi ya nguvu yako, na hapa ziko tatu kila upande. Ile ya bega la kulia iwe abedari, yenye magurudumu mawili, ili henza zote mbili zishukie mkono mmoja.

Henza zote mbili zinafungwa kwenye kipini kimoja cha mbao, urefu wa sentimita 12. Wengine huweka roda ya kusawazisha kati yake wakidhani wanafanya haki. Matokeo yake bawa lililo jepesi kidogo hufunguka peke yake hadi mwisho kabla la pili halijaanza. Kipini kigumu, na kamba zilizopimwa zikawa sawa, ndilo jibu. Tumia kamba ya kusokotwa ya milimita 3 isiyonyumbuka, ya poliesta. Nailoni hunyooka ikilowa jasho, na mafundo yake huteleza. Kila fundo liwe na mkia wa sentimita 5 uliochomwa ncha.

Shingo na mdomo

Mkono wa kushoto unabaki na kichwa. Mlingoti wa shingo ni bomba la alumini la milimita 20 lenye bawaba juu ya fremu, na kutoka hapo fimbo inashuka mbele ya kifua hadi mkononi. Kuivuta fimbo chini kunakirusha kichwa nyuma. Kwenye fimbo hiyohiyo, pale vidole vinapokaa, tumefunga mkono wa breki wa baiskeli. Kubana breki kunafungua mdomo. Kwa hiyo mwendo mmoja wa mkono, kuvuta na kubana, unatoa kilio chote cha furukombe, na mvaaji anaujifunza kwa dakika tano.

Mkono wa breki huvuta waya sentimita 1.5 hivi tu. Kwa mabawa hautoshi hata kidogo, kwa mdomo unatosha kabisa: ukishika waya sentimita 3 kutoka bawaba ya taya, taya inafunguka digrii 28 au 29, na kwa taya ya sentimita 40 ncha inaachana sentimita 20. Chemchemi ndogo au mpira wa suruali hulirudisha. Tumia waya na kava ya breki. Kava ya gia inafanana nayo dukani, lakini nyuzi zake za ndani zimelala kwa urefu na hupasuka zikikazwa. Kava isipindwe kwa kona kali. Duara la sentimita 6 kwenda juu, na kona zote zikijumlishwa zisizidi nusu duara, maana kila kona inauongezea waya msuguano, na kona ya mwisho hukuta nguvu imekwisha njiani. Mdomo unaofunguka polepole au usiofunga karibu kila mara ni kosa la kona, si la chemchemi.

Kichwa ni mikeka ya povu ya mazoezi, milimita 10 kwa fuvu na milimita 5 kwa ngozi. Fuvu la puto au mpira wa watoto lifunikwe plastiki, kisha utepe wa karatasi, uchore mishono, ukate, uhamishe kwenye povu. Gundi ya mafundi viatu ipakwe pande zote mbili na kuachwa dakika 10 hadi 15, mpaka kidole kikigusa kisinate. Mwambao, wakati wa mvua, muda huo huwa dakika 25. Ukiunganisha mapema, mshono hujifungua siku inayofuata, nawe utalaumu gundi. Fanya kazi hiyo nje au mlango na dirisha vikiwa wazi. Mvuke wake hulewesha na kuumiza kichwa. Usiipake kwenye povu jeupe la vifungashio, maana hulila kama maji yanavyokula sukari, na rangi ya kupuliza hufanya vivyo hivyo.

Gundi ya moto ya vijiti tunaiacha kabisa kwa chochote kitakachokaa juani. Ndani ya gari lililofungwa mchana inalainika, na manyoya hudondoka mmoja mmoja.

Manyoya

Kila bawa lina manyoya makuu 10 kwenye mkono wa nje, kama ndege halisi, na 9 kwenye mkono wa kati. Marefu zaidi yana sentimita 75 kwa 14. Povu la milimita 5 lina uzito wa nusu kilo hivi kwa mita ya mraba, na bawa moja linakula mita 1.6 za mraba pamoja na yanayolaliana. Hapo ndipo gramu 800 zinapokwenda. Uti wa kila unyoya ni mkanda wa plastiki wa kufungia mizigo, ule mgumu wa kijani au mweusi, uliobandikwa katikati ya tabaka na kushonwa kwa uzi wa kuvulia samaki mahali pa mashiko.

Mpangilio si hiari. Ukitazama bawa kwa mgongoni, unyoya wa ndani hulala juu ya ule wa nje, kama karata zinavyofungwa. Ukigeuza, manyoya hugombana bawa linapokunjwa, na kila mara moja au mawili hubaki yamesimama. Uzi wa mpira uliounganisha shina za manyoya jirani, sentimita 8 kutoka mashikoni, huyafanya yatanuke kwa nafasi sawa.

Upepo ndio adui wa kweli wa kazi hii. Mabawa haya yana mita za mraba 2.4. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiyakuta kifuani unayasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 12, juu kabisa ya nyonga, na mvaaji anarudi nyuma hatua mbili. Mombasa, Tanga au Forodhani alasiri, kusi ikiwa imekolea, hiyo si ajabu. Acha nafasi kati ya ncha za manyoya makuu, sentimita 20 za mwisho, kama furukombe mwenyewe alivyo. Hewa inapita na umbo linapendeza zaidi. Nyuma ya mkono wa kati usitumie povu la pili, weka kitambaa cha mwavuli. Na sheria ya kikosi: upepo ukianza kuinua vumbi na karatasi, mabawa yanafunguliwa ubavu kwa upepo tu, au hayafunguliwi.

Kuona na kupumua

Mvaaji hatazami kupitia macho ya ndege. Yako juu ya kichwa chake. Anatazama kupitia koo. Wamakonde wanaocheza lipiko, ngoma yao ya vinyago, huona kupitia kinywa cha kinyago, na busara ni ileile: jicho la mtu liwekwe pale ambapo mtazamaji hategemei kulikuta. Dirisha letu ni sentimita 25 kwa 12, la wavu mweusi mgumu, na ndani ya shingo yote imepakwa nyeusi. Mwanga ukiwa nje na giza ndani, wavu hauonekani. Kwa kuwa koo la furukombe ni jeupe, tunaupuliza wavu rangi nyeupe upande wa nje tu, kwa mbali na kidogo, bila kuziba matundu.

Feni ndogo ya betri ya simu iingize hewa kutoka kiunoni, na tundu la kutokea liwe kisogoni. Feni inayozungusha hewa ileile ya ndani haisaidii kitu. Juani tunamweka mtu dakika 20, kisha anatoka dakika 20, anakunywa maji, fulana inabadilishwa. Muda huo haujadiliwi hata gwaride likichelewa.

Kutoka kwenye vazi kuchukue sekunde 15 na pawe na kifungo kimoja mbele ya kiuno ambacho mvaaji anakifikia mwenyewe. Zipu ya mgongoni pekee ni hatari. Msindikizaji mmoja atembee mbele kulia, mwingine nyuma, kwa ishara walizokubaliana: pigo moja kwenye fremu simama, mawili kunja mabawa, matatu toka sasa hivi.

Ngozi na rangi hazina mengi ya kusemwa. Kichwa, kifua na mkia mfupi ni vyeupe, tumbo na mabega hudhurungi yenye wekundu, mabawa meusi, mdomo wa njano wenye ncha nyeusi, miguu ya njano. Ziba povu kwa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka tatu, kisha rangi ya maji yenye gundi hiyo kidogo ndani ili isipasuke. Sponji ya godoro isiyofunikwa hugeuka manjano na kuwa unga juani, kwa hiyo kila inchi yake ivikwe kitambaa. Chini ya kucha za ndege kuwe na kiatu kizima chenye soli ya kushika.

Jaribu mabawa mara 100 kabla ya siku yenyewe, mvaaji akiwa ndani, mara 20 kwa mkupuo, na baada ya kila mkupuo pitia kila nati kwa mkono. Kinachovunjika huvunjika kati ya mara ya thelathini na ya sitini: fundo, mpira uliokwaruzwa na ukingo wa plaiwudi, waya uliokatika uzi mmoja kwenye mkono wa breki. Ukiona uzi mmoja umekatika, badilisha waya wote.

Kwa safari, mabawa hutoka kwa bolti mbili kila moja na hubebwa yakiwa yamening'inia, si kulazwa, kwani povu likilala na mkunjo usiku mmoja hubaki nao. Mlingoti wa shingo hung'oka, kichwa kinaingia kwenye boksi lake. Mfuko wa msindikizaji wa nyuma una spana namba 10 na 17, nati sita za milimita 6, waya mmoja wa breki, mita nne za kamba, vipande viwili vya tyubu vilivyokwisha kukatwa kwa kipimo, sindano nene na uzi wa kuvulia, mkasi, utepe wa nguo, chupa mbili za maji. Vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya vimo pia, lakini ni vya kufikisha vazi nyumbani tu. Jua likivikausha hukatika, na kesho yake kila kilichofungwa navyo kinafunguliwa na kutengenezwa upya.